Vifungo Kwenye Ungo

 

Nakuandikia wewe ambaye mkono wako umelala pajani baada ya kiharusi na hauitiki ukiuita. Au wewe unayemuuguza mtu wa namna hiyo. Najua kinachoendelea hapo nyumbani. Kila anayeingia kukupa pole anatoka amekuachia dawa. Huyu anasema kuchuliwa, yule anasema umeme, shemeji anamjua mtaalamu wa miti shamba huko Handeni, kijana wa jirani ameona roboti kwenye simu. Wewe unageuza shingo tu. Nimepita hapo. Nitakusimulia nilivyopita, kipi kilinisaidia na kilinisaidia wakati gani, kwa sababu huo "wakati gani" ndio ambao hakuna mgeni aliyeniambia.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Suti za harusi, kanzu za watumishi wa altare, sare za shule. Watoto wangu wamesoma kwa mkono wa kulia huu.

Ilikuwa msimu wa kufungua shule. Nyinyi mnaojua kazi hii mnajua Januari ilivyo, mzazi anakuletea kitambaa jioni anataka sketi asubuhi. Nilikuwa nakata suruali za kaki. Mkasi ukadondoka. Nikainama kuuokota, mkono haukwenda. Nikadhani umekufa ganzi. Nikacheka. Kijana ninayemfundisha kazi akaniangalia, akasema, "Fundi, mdomo wako umekwenda upande."

Nikataka kumjibu. Maneno hayakutoka.

Nikaanguka.

Walioshuhudia walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine alisema nimetumiwa kitu. Mke wangu, Mama Neema, hakungoja wamalize, alinipakia kwenye bajaji. Hospitalini walipima presha, ile ya juu ilikuwa imevuka 200. Sikujua nina presha. Haikuwahi kuniuma popote. Kipimo cha CT nilikipata kesho yake, mji mwingine. Daktari akaeleza kwamba donge la damu limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Dawa ya kuyeyusha donge ipo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwangu zilikuwa zimepita zamani. Ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umeanguka, maneno yamevurugika, usianze kuuliza nani kamroga. Mpeleke.

Nilirudi nyumbani. Mguu ukaanza kurudi, kwanza kwa kuburuta, baadaye kwa fimbo. Ulimi nao ukalegea, nikaweza kuwaita wanangu kwa majina. Watu wakashangilia, jumuiya yetu ikaja kutoa shukrani. Mkono haukurudi.

Haukurudi hata kidogo. Kule nilikolazwa, kila waliponigeuza kitandani walinivuta kwa mkono huo huo mbovu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nadhani hakuna aliyewafundisha. Misuli inayoshikilia bega ilikuwa imelala, kwa hiyo bega likashuka. Ukipitisha kidole pale juu ulikuta kishimo. Maumivu yake usiku sitaki hata kuyaeleza. Kisha vidole vikaanza kujikunja vyenyewe na kukaza, ngumi ambayo sikuifunga mimi. Mama Neema akawa anavifungua kimoja kimoja ili anisafishe kiganja.

Mwanangu wa kiume alikuwa ananiogesha. Ndugu wakakaa kikao, nikiwa chumbani nasikia, wanazungumza cherehani iuzwe.

Sasa nifike mahali pagumu. Niliomba ruhusa ya mke wangu kuyaandika haya.

Usiku mmoja nilibanwa na haja. Sikutaka kumwamsha, alikuwa amechoka. Nikainuka mwenyewe. Nikafika mlangoni. Nguo yangu ya kulalia ilikuwa ya kamba. Fundo. Mkono mmoja haufungui fundo. Nilivuta. Likakaza. Nilivuta tena. Halikufunguka.

Nikajikojolea, nimesimama.

Mimi. Fundi. Niliyewashonea watu suruali maisha yangu yote.

Nilikaa pale pale sakafuni. Sikulia. Nilimwambia Mungu, nichukue. Nilimwambia kwa sauti, na nilimaanisha. Nilirudia. Nje mbwa walikuwa wanabweka. Sikuogopa kufa. Niliogopa asubuhi.

Mama Neema akanikuta. Hakusema kitu. Akaleta maji ya vuguvugu, akaninawisha, akakata ile kamba kwa wembe, akanivalisha kaptura yenye mpira. Asubuhi aliwaambia shemeji zake kwamba cherehani haitoki ndani ya nyumba ile, na anayetaka kuinunua aje aongee naye yeye. Kisha akampigia simu binti yetu Neema, anayesomea uuguzi, akamwambia, "Baba yako anataka kufa. Njoo."

Nakusimulia hili kwa sababu baadaye nilielezwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona. Siyo uhaba wa imani. Paroko alinipaka mafuta ya wagonjwa, na daktari alinipa vidonge vya sonona, na sikuona ugomvi wowote kati ya hivyo viwili. Ukijikuta unamwambia Mungu akuchukue, mwambie na mtu aliye karibu nawe.

Neema ndiye aliyemtafuta mtoa tiba kwa vitendo. Mfiziotherapia nilikwishamjua, ndiye aliyenisimamisha kwenye mguu. Huyu mwingine kazi yake ni kukurudisha kwenye shughuli zako, kula, kuvaa, kushika. Alikuwa dada mdogo, umri wa Neema. Nilitegemea aanze kuninyoosha vidole. Badala yake aliniambia, "Baba, shikamoo. Naomba nione bega, kisha unioneshe vidole vinavyofanya vyenyewe bila kusaidiwa." Bega lilipanda kidogo. Vidole havikufanya kitu. Akaandika. Akasema tiba za mkono ni nyingi, na karibu zote zina mahali pake, lakini kinachofaa mkono usiosogea kabisa sicho kinachofaa mkono unaoanza kusogea. Watu wanalinganisha tiba, akasema, wakati inabidi kwanza ulinganishe mikono.

Jambo la kwanza lilikuwa bega. Mkono uwekwe juu ya mto nikikaa na nikilala, mtu yeyote asinivute kwa mkono huo, na ile kamba ya kapi ambayo shemeji alikuwa amenifungia mtini nivute mkono juu, ifunguliwe siku ile ile. Kapi linaweza kuumiza bega la namna hiyo.

Jambo la pili lilikuwa kioo. Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba miaka ya tisini daktari Ramachandran, aliyekuwa Marekani, aliwawekea kioo watu waliokatwa mkono na bado wanasikia maumivu ya mkono usiokuwepo. Mwaka 1999 watafiti wakachapisha matokeo ya kuijaribu njia hiyo kwa watu wa kiharusi. Unakisimamisha kioo katikati ya mikono miwili, mbovu ukiwa nyuma yake, mzima mbele. Unaangalia kioo. Unafungua na kufunga mkono mzima taratibu, na macho yanauambia ubongo kwamba ule mwingine nao unafanya.

Kioo tulikuwa nacho, kile ambacho wateja hujaribia suti. Tulikilaza kwa ubavu mezani. Nikafungua vidole vya kushoto. Kwenye kioo, mkono wangu wa kulia ukafunguka.

Nilishtuka, nikaurudisha mkono. Mama Neema akafanya ishara ya msalaba. Najua ni kivuli tu. Lakini nilikuwa sijauona mkono huo umefunguka tangu mkasi udondoke.

Kila asubuhi baada ya sala nilikaa na kioo. Jioni nilikaa bila kioo, nimefumba macho, nikishona kichwani. Nachukua tepu, napima kiuno, naweka chaki. Hilo nalo ni zoezi, lina utafiti wake, usilidharau kwa kuwa halina kifaa. Kwa mgonjwa ambaye hana msogeo wowote, hizi njia mbili ndizo ningempa kwanza. Gharama yake ni subira.

Wakati huo huo nilichuliwa. Mzee wetu mmoja mchuaji alikuja na mafuta yake ya nazi. Nisimnyime haki yake, nililala vizuri siku alizokuja na misuli ililegea. Lakini mchuaji ndiye anayefanya kazi, mkono umekaa tu. Cherehani isiyo na uzi hutoboa kitambaa mchana kutwa bila kushona. Na akija mchuaji anayevuta bega kwa nguvu, mpe soda aende.

Umeme niliupata Dar es Salaam, kwa kaka yangu. Walinibandika vipande viwili vya mpira nyuma ya mkono chini ya kiwiko, wakawasha. Kiganja kikainuka! Kaka yangu alipiga kelele mle ndani. Wakazima, kikaanguka. Wakawasha, kikainuka. Nilirudi Morogoro nimejaa furaha, na kiganja kilekile kilicholala. Dada yule akaniuliza, "Wakati umeme unainua, wewe ulikuwa unafanya nini?" Nikasema nilikuwa naangalia. Akacheka kidogo. Akatafuta mashine ndogo ya betri, akanifundisha kujaribu kuinua mwenyewe wakati uleule umeme unapopiga, nguvu zangu na za umeme zikutane. Hiyo ikawa habari nyingine. Polepole kiganja kikaanza kuinuka hata mashine ikiwa kimya. Kidogo sana, mtu asiyejua asingeona. Mimi niliona.

Kuna sindano ya botulinamu pia, ya kulegeza misuli iliyokaza. Bei yake ilitushinda. Nilielezwa kwamba inalegeza kweli na usafi wa kiganja unakuwa rahisi, ila peke yake haiufundishi mkono kazi. Niliridhika kuendelea bila hiyo.

Sasa vidole vilipoanza kufunguka vyenyewe, hata kwa upana wa kifungo cha shati, dada akaleta tiba ambayo niliichukia kuliko zote na ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Kuufunga mkono mzima.

Historia yake inatoka kwa mtafiti Edward Taub wa Alabama, Marekani. Aliona kwa nyani kwamba mnyama aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja huacha kuutumia, si kwa kuwa hauwezi kabisa, bali kwa sababu kila alipojaribu ilishindikana, naye akajifunza kuachana nao. Ukiuzuia ule mzima, mbovu unaanza kufanya kazi. Ndivyo tulivyo. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu wa mkono wa kushoto bila kujua. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliokuwa na watu 222, waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Waliotiwa mkono mzima kwenye glavu sehemu kubwa ya siku na kufanyishwa mazoezi kwa wiki 2 walipata nafuu kuwazidi wenzao, na baada ya mwaka nafuu ile ilikuwa bado ipo. Lakini wote waliochaguliwa waliweza kuinua kiganja na kunyoosha vidole walau kidogo. Ukimfunga mkono mzima mtu ambaye mbovu wake hausogei kabisa, umemtesa tu.

Kijana wangu alinishonea mfuko kwa mabaki ya kaki. Mkono wa kushoto ukaingia humo. Ulitoka nikishika maji ya moto, nikishuka ngazi, na nikienda msalani, maana hayo dada alikataza kabisa kuyafanya nikiwa na mfuko.

Chakula cha kwanza kilikuwa ugali na mchicha. Miezi yote ile nilikuwa nakula kwa kushoto. Unajua mwenyewe mtu mzima anavyojisikia akila kwa kushoto mbele ya wakwe. Nikafinya tonge kwa kulia. Likaanguka mapajani. Nikafinya jingine, likaanguka. Nikakasirika, nikamwambia Mama Neema anivue mfuko. Akasema, "Baba Neema, ugali upo mwingi." Watoto walikuwa wanaangalia pembeni ili wasinione. Ugali ulikuwa umepoa tayari tonge moja lilipofika mdomoni. Lilikuwa na vumbi la kaki. Nililila lote.

Hapo nililia.

Baada ya ile kazi ya mfuko ilibaki kurudia, kurudia, kurudia. Neema alinisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, watu walikaa wakahesabu mgonjwa wa kiharusi anafanya nini kliniki. Katika kipindi kimoja mkono ulifanya kazi halisi, ya kushika au kufikia kitu, wastani wa mara 32. Wanyama wa maabara waliopata nafuu ya ubongo walikuwa wanarudia mamia ya mara kwa siku. Basi nikaelewa kwa nini kwenda kliniki na kurudi kulala hakunitoshi. Mazoezi yenyewe yako nyumbani, na yanatakiwa yafanane na kazi unayotaka kuirudia.

Kwangu vilikuwa vifungo. Dada alisema nichague kitu ninachokipenda mikononi. Nilimwaga kopo zima la vifungo kwenye ungo wa Mama Neema, nikawa natenganisha: vya mashimo mawili huku, vya manne kule, vya suti peke yake. Kwanza nilivisukuma kwa kidole. Baadaye nikavibana kwa gumba na cha shahada. Kifungo cha shati la mtoto ndicho kibaya, kinateleza. Nikimaliza, mke wangu ananiletea mchele tuchambue pamoja. Wanaume wenzangu waliopita barazani walinicheka, fundi anachambua mchele! Mmoja wao leo anachambua pia, lakini hayo ni yake.

Ikaja habari ya roboti. Mpwa wangu aliye Uingereza alituma picha za mashine inayoshika mkono wa mgonjwa na kuuzungusha, na kaka zangu, Mungu awabariki kwa moyo wao, wakaanza kusema tuuze shamba la baba la Mgeta. Neema akaomba wasubiri. Akatuonesha utafiti wa huko huko Uingereza, wa mwaka 2019, watu 770. Waliofundishwa na roboti hawakuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia mkono katika shughuli kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shamba lipo, na mahindi tumevuna. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema usiuze urithi kwa picha ya simu.

Huyo huyo Neema alisoma pia kazi ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014, iliyokusanya mapitio 40 ya tafiti kuhusu tiba za mkono baada ya kiharusi. Hawakupata hata moja yenye ushahidi wa kiwango cha juu kabisa. Zilizoonesha matumaini ni pamoja na kioo, kufunga mkono mzima, kushona kichwani kama nilivyofanya mimi, na kurudia kazi halisi mara nyingi. Niliposikia nilifarijika. Nilikuwa nimeogopa kwamba mahali fulani ipo dawa moja ambayo mimi sina pesa yake.

Na wewe uliyeambiwa kwamba baada ya miezi sita basi, sikiliza hili. Ni kweli sehemu kubwa ya nafuu huja mapema. Lakini London, hospitali ya Queen Square, wanachukua watu ambao wengi wao walipata kiharusi zaidi ya mwaka mmoja kabla, wanawafanyisha mazoezi ya mkono saa 90 kwa wiki 3, na wengi wanapata nafuu inayobaki. Mimi mwenyewe kidole cha pete kilifunguka wakati nilikuwa nimeshaacha kukingoja.

Leo nashona sare. Suti nimemwachia kijana, mkasi mkubwa bado unanichosha, na uzi kwenye sindano ananitungia yeye. Shati nafunga vifungo mwenyewe, isipokuwa cha kwenye kola. Natembea na vidonge vya presha mfukoni. Kila nikiamka, kabla sijasema neno lingine, natamka jina langu lote na kunyanyua mikono miwili. Usiku mkono ukifa ganzi kwa kulaliwa, moyo unaruka, nakaa kitandani hadi damu irudi. Mama Neema huwa anaamka, anauliza, "Ni ule?" Nasema siyo. Anarudi kulala.

Jumamosi jumuiya ilisalia kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, ameangushwa mwezi jana. Vidole vyake havifanyi kitu bado. Alikuwa amesikia habari za mfuko wa kaki, akataka aanze nao. Nimemwambia bado. Nimemwekea mto chini ya mkono, nimewafundisha wanawe wasimvute, na kioo cha suti nimekipeleka kwake kwa toroli. Kesho dada wa tiba kwa vitendo atapita kumwona bega.